Kabla ya Kupandisha Kifurushi, Pima Waifai ya Laptopu Yako

Septemba 2024 kampuni ya Safaricom ya Kenya ilipanga upya kasi za intaneti yake ya faiba ya nyumbani. Shilingi 2,999 kwa mwezi zikawa zinakupa Mbps 15, shilingi 4,100 zikakupa 30, shilingi 6,299 zikakupa 80, shilingi 12,499 zikakupa 500, na shilingi 20,000 zikakupa 1,000. Gawanya bei kwa kasi uone mvuto wake. Kwenye kifurushi cha chini kila Mbps inakugharimu takriban shilingi 200, kwenye cha 80 inashuka hadi karibu 79, na kwenye cha 500 inafika 25. Kwa hesabu hiyo, kila anayepanda ngazi anaonekana kupata nafuu. Lakini nafuu hiyo inakuwepo pale tu ambapo kasi unayoilipia inaifikia laptopu yako, na katika nyumba nyingi haifiki.

Tazama sasa upande wa gharama. Kwa bei hizo, kutoka 15 kwenda 30 ni shilingi 1,101 zaidi kwa mwezi, yaani 13,212 kwa mwaka. Kutoka 30 kwenda 80 ni 2,199 kwa mwezi, yaani 26,388 kwa mwaka. Fedha hizo zitatoka mwezi hadi mwezi maadamu umeunganishwa. Tiba nyingi za waifai dhaifu hulipiwa mara moja tu, na kadhaa hazilipiwi kabisa. Nimeona familia zinazojinyima ili zilipie kifurushi kikubwa, kisha mtoto wa chuo anakaa chumbani na laptopu inayozungusha duara kama ilivyokuwa ikizungusha kabla. Mimi nawahurumia hao kuliko yeyote, kwa sababu walichokihitaji kingewagharimu chini ya bili ya mwezi mmoja.

Kwanza tuelewane kuhusu kipimo chenyewe. Mbps ni megabiti kwa sekunde, ilhali faili unazopakua huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kifurushi cha Mbps 15 kikifanya kazi barabara kitakuletea chini kidogo ya megabaiti mbili kwa sekunde. Faili la gigabaiti moja litachukua takriban dakika tisa. Kwa 30 litachukua dakika nne na nusu, na kwa 80 kama dakika moja na sekunde 40. Ukiona faili linashuka kwa megabaiti 1.8 kwa sekunde kwenye kifurushi cha 15, usimlaumu mtu, unapata haki yako yote.

Na mahitaji ya nyumbani si makubwa kama matangazo yanavyotaka tuamini. Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 5 kwa picha ya 1080p na 15 kwa picha ya 4K. Mkutano wa Zoom wenye picha safi hautumii zaidi ya 4. Nyumba yenye runinga moja inayoonyesha filamu, laptopu moja mkutanoni, nyingine inayotazama somo la video na simu tatu za WhatsApp, yote kwa wakati mmoja, inatosheka na 20 hivi. Kwa hiyo mtu wa nyumba ya vyumba viwili anayelipia 30 na bado analia kwamba laptopu inakwama, mara nyingi tatizo lake haliko kwenye kifurushi.

Liko wapi basi? Kati ya kampuni na macho yako kuna njia tatu zilizofuatana: faiba inayoingia nyumbani, hewa iliyo kati ya ruta na laptopu, na laptopu yenyewe. Njia iliyo nyembamba kuliko zote ndiyo inayoamua kasi yako. Kazi ya kwanza ni kuijua, na kazi hiyo ni ya bure.

Chukua laptopu na simu, kaa mita mbili kutoka kwenye ruta, uunganishe vyote viwili kwenye waifai hiyo hiyo. Fungua fast.com au Speedtest kwenye simu, andika namba. Kisha fanya hivyo hivyo kwenye laptopu, ukiwa umekaa palepale. Usipime vyote kwa pamoja, maana vitagawana. Rudia chumbani, au popote unapofanyia kazi. Mwishowe, kama laptopu ina tundu la waya wa mtandao, ichomeke moja kwa moja kwenye ruta, zima waifai yake, upime tena. Laptopu nyingi nyembamba za siku hizi hazina tundu hilo. Azima ya jirani, au kifaa cha USB cha kuchomekea waya.

Sasa soma namba zako. Ukipata 29 kwa waya kwenye kifurushi cha 30, kampuni imetimiza ahadi yake, na ukiwapigia simu utakuwa unapoteza muda wako na wao. Simu ikisoma 28 na laptopu 7 zikiwa mahali pamoja, mgonjwa ni laptopu. Vyote vikisoma vizuri sebuleni na vibaya chumbani, tatizo ni umbali na kuta. Waya nao ukisoma 9 kwenye kifurushi cha 30, hapo ndipo unapokuwa na kesi dhidi ya kampuni, tena yenye ushahidi.

Nikae kidogo kwenye laptopu, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea na ndipo mafundi wengi wanapopita haraka. Kwenye Windows, fungua dirisha la Command Prompt, andika netsh wlan show interfaces, bonyeza Enter. Itatoka orodha ya mistari kama ishirini. Mitatu ndiyo ya kuangalia. Mstari wa "Radio type" utakuambia kizazi cha waifai: 802.11n ni cha 2009, siku hizi kinaitwa Wi-Fi 4, 802.11ac ni Wi-Fi 5, kilichoanza kuenea kuanzia 2013; 802.11ax ni Wi-Fi 6. Mstari wa "Channel" ukionyesha namba kati ya 1 na 13, uko kwenye masafa ya 2.4 GHz, ukionyesha 36 na kuendelea, kwa kawaida uko kwenye 5 GHz. Na mstari wa "Receive rate" unatoa kasi ambayo kadi ya waifai ya laptopu na ruta zimekubaliana kupokezana.

Laptopu nyingi za bei ya chini hutoa picha hii hii: Radio type 802.11n, Channel 6, Receive rate 72.2, Signal asilimia 99. Mwenye nayo huangalia hiyo 99 akatulia moyo, akasema mawimbi yapo tele. Namba ya kumshtua ni 72.2. Hicho ndicho kilele cha kadi ya Wi-Fi 4 yenye antena moja kwenye chaneli ya kawaida ya 2.4 GHz. Haiwezi kupita hapo hata ukiiweka juu ya ruta. Tena kasi hiyo ni ya makubaliano, si ya data inayokufikia. Sehemu kubwa huliwa na taratibu za kupokezana zamu hewani, kwa hiyo mkononi utabaki na 35 au 45 wakati hewa ni tulivu, na 10 wakati majirani wamerudi kutoka kazini. Mtu huyu akihama kutoka kifurushi cha 30 kwenda cha 80 atalipa shilingi 26,388 zaidi kwa mwaka kwa ajili ya kasi ambayo laptopu yake haina uwezo wa kuipokea.

Wa Mac ana njia fupi: abonyeze kitufe cha Option na kubofya alama ya waifai juu ya skrini. Ataona "Tx Rate", chaneli, na RSSI, ambayo ni namba hasi. Hasi 50 ni mawimbi mazuri sana. Ikifika hasi 75 asitarajie makubwa.

Kabla ya kununua chochote, jua kama kadi yako inaijua 5 GHz. Andika netsh wlan show drivers, utafute mstari wa "Radio types supported". Ukiona 802.11ac au ax, kadi inaweza, ila laptopu imejikalia kwenye 2.4 kwa mazoea. Ruta nyingi zinazoletwa na kampuni hutangaza masafa yote mawili kwa jina moja, na laptopu huchagua inavyopenda. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, uyape masafa hayo mawili majina tofauti, kisha unganisha laptopu na la 5 GHz. Bei yake ni sifuri, na katika fleti za Nairobi sijui tiba nyingine ya bure inayoleta tofauti kubwa kama hii. Sababu iko wazi. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Jengo la ghorofa tano lenye ruta ishirini na kitu linazigombania hizo tatu, pamoja na vifaa vya Bluetooth na oveni za maikrowevu, ambazo nazo hufanya kazi kwenye masafa hayo hayo. 5 GHz ina chaneli nyingi zaidi, na kwa kuwa haipenyi ukuta vizuri, ya jirani haikufikii kwa nguvu.

Orodha ikiishia 802.11n bila 802.11a wala ac, kadi haiijui 5 GHz kabisa. Hapo ndipo mkono unapoingia mfukoni, na una njia mbili.

Ya kwanza ni kadi ya nje ya kuchomeka kwenye USB. Angalia unachouziwa. Zile ndogo kama ukucha, za bei rahisi kuliko zote, zilizoandikwa N150, ni 2.4 GHz tupu. Ukiichomeka hiyo kwenye laptopu ya aina niliyoieleza utakuwa umenunua tatizo lile lile mara ya pili. Tafuta iliyoandikwa AC600 au zaidi, yenye "dual band" kwenye boksi. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili dukani ni ndogo, na zote ziko chini ya bili ya mwezi mmoja ya kifurushi cha chini kabisa. Usidanganywe na namba 600: ni jumla ya 150 za masafa ya chini na 433 za masafa ya juu, ikasogezwa juu kidogo. Kwa matumizi yako hesabu hiyo 433, na upokee zaidi ya 150 za kweli ukiwa chumba kimoja na ruta. Hiyo inabeba kifurushi cha 80 bila jasho.

Ya pili ni kubadilisha kadi ya ndani. Kwenye laptopu nyingi za miaka ya karibuni ni kipande cha M.2 kidogo kuliko kiberiti, kilichofungwa kwa skrubu moja, na nyaya mbili nyembamba za antena zilizobanwa juu yake. Kadi kama Intel AX210 ni nzuri, ina Wi-Fi 6E, na inakubali bodi za Intel na za AMD. Jihadhari na AX201, ambayo inafanana nayo kwa sura na huuzwa kwa bei ya chini: hiyo inategemea saketi iliyo ndani ya baadhi ya prosesa za Intel, na kwenye laptopu nyingine haitaonekana kabisa. Tena baadhi ya laptopu za zamani za HP na Lenovo hukataa kuwaka zikiona kadi isiyo kwenye orodha yao, na nyingine nyembamba zina kadi iliyolehemewa kwenye bodi. Mwambie fundi aifungue aone kabla hujalipia kadi. Na ukiwa na laptopu ya bei ya chini yenye waya mmoja tu wa antena, kadi ya antena mbili haitakupa yote inayoahidi mpaka uongezwe waya wa pili.

Nikilinganisha hizo mbili, kadi ya ndani ni imara zaidi na haivunjiki ukiingiza laptopu kwenye begi. Ya USB unaweza kuihamishia kwenye laptopu nyingine, haihitaji fundi, na ukikosea umepoteza kidogo. Kwa laptopu yenye zaidi ya miaka mitano, mimi ningenunua ya USB.

Kuna jambo la wanunuzi wa laptopu ambalo wauzaji hawalitaji. Mtu akisimama dukani na fedha zake, mara nyingi huchagua kati ya laptopu mpya ya bei ya chini na ile iliyotumika, ya daraja la ofisi, zile tunazoziita ex-UK. Kwa upande wa waifai, iliyotumika mara nyingi huishinda mpya. HP EliteBook 840 G3 na ThinkPad T460, zote za 2016, ziliuzwa na kadi ya Intel 8260: masafa mawili, antena mbili, kilele cha 867. Ukikuta mpya yenye kadi ya antena moja ya 2.4 GHz, na bado zipo, mzee wa 2016 anaipita kwa mbali. Uliza pia habari ya Windows: Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za laptopu hizo mbili hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Hayo uyaweke kwenye mizani. Lakini usinunue laptopu yoyote, mpya au kuukuu, kabla hujaandika ile amri ya drivers pale pale juu ya meza ya muuzaji. Haichukui hata dakika moja.

Tukija kwenye kuta, Wakenya tunajenga kwa mawe na zege, na 5 GHz inachoka haraka mbele ya vitu hivyo. Katika nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mmoja unaweza kuila sehemu kubwa ya mawimbi, na wa pili ukayamaliza. Kioo kikubwa cha kabati, tangi la maji na mabati navyo huzuia. Anza na cha bure: itoe ruta sakafuni, itoe nyuma ya runinga, itoe ndani ya kabati la mapambo, uiinue juu karibu na katikati ya nyumba. Waya wa faiba ukiwa mfupi usiuvute wala kuukunja, maana ndani yake kuna kioo. Mwite fundi wa kampuni ausogeze.

Ikishindikana, kuna vifaa vinne, na bei zake zinapishana sana. Kirudishi cha mawimbi, kile wanachokiita ripita au extender, ndicho kinachonunuliwa zaidi kwa sababu kinachomekwa ukutani tu. Ndicho ninachokipendekeza kwa shingo upande. Kirudishi cha bei rahisi husikiliza na kusema kwenye chaneli ileile, kwa hiyo kila data inapita hewani mara mbili na kasi inagawanyika takriban nusu. Tena watu hukiweka pale pale chumbani ambapo mawimbi yameshafifia. Kinapokea udhaifu na kurudisha udhaifu, huku laptopu ikionyesha alama iliyojaa. Ukiwa nacho tayari, kisogeze katikati ya njia na usitarajie zaidi ya nusu.

Waya wa mtandao ndio chaguo langu la kwanza, na inanisikitisha kwamba watu wanauona ni mambo ya kizamani. Waya wa Cat5e au Cat6 wa mita 10 au 15, ukipitishwa pembeni mwa ukuta kwa vibanio, hugharimu mamia ya shilingi, si maelfu mengi. Laptopu inayokaa mezani siku nzima haina sababu ya kutegemea hewa. Na ukiwa na ruta ya zamani iliyolala kwenye droo tangu ulipohama kampuni, ichomeke mwisho wa waya huo, zima kazi yake ya kugawa anwani, yaani DHCP, uchomeke waya kwenye tundu la LAN badala ya lile la WAN. Sasa una waifai ya pili chumbani, kamili, isiyogawanyika nusu. Ruta nyingi za zamani zina matundu ya Mbps 100. Kwa kifurushi cha 80 hiyo inatosha, kwa cha 500 haitoshi.

Nyaya zikishindikana kwa sababu mwenye nyumba hataki tundu wala kibanio, seti ya mesh ya vifaa viwili ndiyo inayofuata. Inafanya kazi vizuri kuliko kirudishi, hasa ile yenye masafa ya ziada ya kuwasiliana yenyewe kwa yenyewe, lakini bei yake inameza bili za miezi kadhaa ya kifurushi cha chini. Kwa nyumba ya ghorofa mbili au boma lenye vyumba vingi, inastahili. Kwa fleti ya vyumba viwili, ni fedha zilizotupwa.

Wapo wanaofikiria kuhamia Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, wakiamini itawatibu. Kwa aliye Kajiado ndani au sehemu za Lamu kusikofika faiba, ni neema kubwa. Kwa mwenye faiba mjini ambaye laptopu yake inasoma 72.2 kwenye chaneli ya 6, sahani hiyo itaishia kwenye ruta nyingine, nayo ruta itaongea na kadi ile ile.

Mambo ya ndani ya Windows nitayapita haraka. Fungua Task Manager, panga programu kwa safu ya mtandao, uone nani anakula: mara nyingi ni OneDrive inayopandisha picha au Windows inayojisasisha. Kupandisha kunaumiza kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu njia ya kwenda juu ikijaa, hata maombi madogo ya kufungua ukurasa hukaa foleni. Weka mtandao wako kuwa "metered" wakati wa mkutano. Pima laptopu ikiwa kwenye chaja na ikiwa kwenye betri. Zikitofautiana, ondoa ubanaji wa umeme kwenye kadi ya waifai. Chukua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, si kutoka kwa programu zinazojitangaza kwamba zitakuongezea kasi. Zima VPN upime bila yake. Kama ni ya kazini, zungumza na watu wa mitambo kwanza. Na diski ya nje ya USB 3.0 iliyochomekwa karibu na kadi ya USB huvuruga 2.4 GHz, jambo ambalo Intel walilieleza tangu 2012; ihamishie upande wa pili wa laptopu.

Baada ya hayo yote, kampuni nayo ina siku zake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Siku kama hiyo hakuna kadi wala mesh itakayosaidia. Lakini kama waya unasoma nusu ya kifurushi kila jioni, pima asubuhi, saa kumi jioni na saa tatu usiku kwa wiki moja, piga picha za skrini zikiwa na tarehe, uwapelekee kwa maandishi. Wasipokujibu, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja. Mwenye namba za waya husikilizwa, mwenye namba za waifai huambiwa azime ruta na kuiwasha.

Kwa nyumba ya vyumba viwili au vitatu mjini, yenye watu wanne na laptopu mbili, hukumu yangu ni hii: baki kwenye kifurushi cha 30, tenganisha majina ya masafa, nunua kadi ya USB ya masafa mawili kwa laptopu isiyoijua 5 GHz, na upitishe waya hadi kwenye meza ya kazi. Gharama yote ya mara moja haifiki tofauti ya mwaka mmoja kati ya 30 na 80, na jioni hewa inapojaa itakupa laptopu yenye kasi kuliko ya jirani anayelipia 80 kwenye kadi ya Wi-Fi 4. Kifurushi cha 80 ni cha nyumba inayotazama 4K kwenye runinga mbili au inayopandisha video kwa kazi. Cha 500 ukinunue ukiwa na kadi ya ac au ax, ruta yenye matundu ya gigabiti, na kazi inayokihitaji kweli.

Na wewe ambaye hujaunganishwa bado, siku fundi wa faiba atakapobisha hodi usimwache aiweke ruta mlangoni kwa sababu ndipo waya ulipoingilia. Muonyeshe katikati ya nyumba, mwambie aifikishe hapo. Siku hiyo ana ngazi, ana drili na waya wa kutosha mkononi. Ukimwita tena baadaye, huenda ukalipia.